Sakafu ya mvule, Milimani Nakuru: shajara ya ukarabati

Januari, kabla hatujagusa chochote

Nyumba ni moja ya zile za zamani za Milimani, ukuta wa mawe, mabati mekundu juu, na sitingirumu haina simiti chini, ina mbao zilizopigiliwa juu ya majoisti, yaani mihimili ya mbao inayobeba sakafu, na chini ya majoisti kuna nafasi ya hewa ambayo mtu mwembamba anaweza kuingia kwa tumbo. Mwenye nyumba ni mathe. Mimi na mama watoto tumerudi kukaa naye na kazi ya kwanza niliyopewa ni kung'oa hizo mbao tuweke tailsi, eti hata jirani aliweka na zinang'aa, na fundi wa tailsi alishakuja kupima akaacha namba yake kwa mlango wa friji.

Nimeomba muda. Sababu yangu ni baba mkwe. Mzee ni wa Busia, alikuja Krismasi, akainama pale karibu na dirisha akakwaruza na funguo akasema hii ni mvule, huku kwetu mvule ukianguka watu wanaitana, na nyinyi mnataka kuifunika na udongo wa kuchomwa. Mathe alinyamaza kwa heshima ya wakwe lakini lile jicho alilonipea nalijua.

Hali yenyewe iko hivi. Chumba ni futi 14 kwa 12, karibu skwea mita 15 na nusu. Mbao zina upana wa inchi tatu, ulimi wa moja unaingia kwa mfereji wa nyingine, kazi safi sana ya wakati huo. Kwa dirisha kuna madoa meusi. Misumari kadhaa imechungulia. Kila mahali kuna polishi ya miaka na miaka, tabaka juu ya tabaka, ukipitisha kucha inatoka nta nyeusi. Na kubwa kuliko yote, kingo za kila ubao zimeinuka na katikati imebonyea, ukitembea bila viatu unazihesabu na nyayo, jua la jioni likiingia sakafu nzima inaonekana kama mabati.

Mafundi wameanza kuja. Mmoja alitaka kuleta mashine ya terazo. Ile mashine inasaga mawe na inakunywa maji ndoo kwa ndoo, nikamwambia asante sana fundi, tutaongea. Mwingine alikuja na grenda na diski ya msasa, akanionyesha kazi yake kwa simu, na ukiangalia picha vizuri unaona miduara, kila mahali miduara, kwa sababu grenda inachimba na vanishi ikishapakwa kila mkwaruzo unajitokeza. Wa tatu, wa mtaa wa Kaptembwo, ni kapenta wa jua kali, alipiga magoti, akabonyeza ubao, akauliza tu, "Mkubwa, maji yanatoka wapi?" Nikampa kazi hapo hapo.

Jumamosi, chini ya nyumba

Jibu la swali la fundi lilikuwa nje, nyuma ya shubiri za mathe. Nyumba za aina hii zilijengwa na matundu ya hewa kwa ukuta, chini kabisa, upepo uingie upande huu utokee ule ili mbao zisioze. Watu waliokuwa wamepanga hapa zamani walijenga bustani ya maua pale pale ukutani, udongo ukapanda ukafunika matundu yote ya upande wa mbele, alafu upande wa nyuma mtu aliziba na simiti, nafikiri kwa sababu ya panya. Fundi alifungua kipande kidogo cha sakafu kwa kona tukamulika na tochi. Hewa imekaa. Udongo chini una unyevu hata sasa Januari ambapo nje ukipiga teke barabara vumbi linafika Menengai.

Sasa hapa ndo inabidi nieleze hii kitu ya mbao kujikunja kwa sababu mathe na fundi wa tailsi wote wanaamini mbao imezeeka. Mbao haizeeki hivyo. Mbao inakunywa unyevu wa hewa iliyo karibu nayo na inautoa, kila siku, maisha yake yote hata ikiwa imekatwa miaka mingi, na ikinywa inanenepa kwa upana, kwa urefu karibu haisongi. Kama upande wa chini umelowa na upande wa juu unakaushwa na huu upepo wa Nakuru, chini kunanenepa juu kunabaki, basi ubao hauna namna, kingo zinainuka. Ongeza maji ya deki yanayopita kwa nyufa kila asubuhi yakashuka chini na hayana pa kutokea.

Na hapa pia ndo mafundi wengi wanaharibu. Ukipiga msasa sakafu ikiwa imejikunja, unakula zile kingo zilizoinuka hadi zilingane na katikati, inapendeza, unalipwa unaenda. Alafu chini kukikauka mbao zinataka kurudi sawa, lakini kingo umeshazila, kwa hivyo sasa katikati ndo inabaki juu, kila ubao una mgongo. Hiyo hairekebishiki ila kwa kupiga msasa tena, na mbao haina nyama ya kutosha kuchezewa hivyo, kila kusaga kwa nguvu kunaondoa karibu milimita moja, na juu ya ule ulimi kuna milimita chache tu.

Kwa hivyo tumekubaliana: kwanza hewa, kisha kungoja, msasa baadaye. Mathe ameuliza kungoja nini. Nikasema kungoja mbao. Akacheka akaenda zake.

Mwisho wa Januari, mizani ya jikoni

Bustani ya maua imesogezwa, shubiri zimehamishiwa kwa vikopo na mathe mwenyewe alisimamia kila mzizi. Matundu yamefunguliwa yote mbele na nyuma, tumeyawekea ile waya ya kofitrei, ambayo matundu yake ni madogo panya hapiti lakini hewa inapita. Waya ya mbu hapana, inaziba na vumbi kabla msimu haujaisha.

Sina mita ya unyevu na sitanunua ya kazi moja. Njia ya zamani inafanya kazi vizuri tu. Chukua kipande cha ubao kutoka mahali hapaonekani, kipime kwa mizani ya jikoni ile ya dijitali, alafu kiweke kwa oveni kwenye moto mdogo, karibu digrii 103, unapima unarudisha hadi uzito ukatae kushuka. Toa uzito mkavu kwa uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, mara mia. Tuseme kilikuwa gramu 230 kikaishia 200, hiyo ni asilimia 15. Mama watoto alitaka kujua kwa nini oveni inanuka kabati la nyanya.

Kipande kingine sikukikausha. Nimekirudisha kwa tundu pale chini kikiwa kimefungwa kamba, nakitoa nakipima kila wikendi. Namba yenyewe sijali sana, najali kama inaendelea kushuka. Ikisimama, chini kumekauka vile Nakuru itakubali.

Februari

Inashuka. Na kingo zimeanza kulala zenyewe, bila mtu kuzigusa! Nimemwita mathe atembee bila viatu akasema hajui, labda, huenda.

Wakati tunangoja tumefanya majoisti. Mvule yenyewe mchwa hawaipendi, ule moyo wa mti una dawa yake ya asili, lakini majoisti mawili ya upande wa bustani si mvule, ni mbao laini ya kawaida, na mchwa walikula kimyakimya kupitia udongo uliogusa ukuta. Fundi alichoma bisibisi ikazama hadi mpini. Tumebadilisha na mbao iliyotiwa dawa, ile ya kijani kijani, na kati ya mbao na ukuta wa chini fundi akaweka karatasi ya lami ili unyevu wa mawe usipande. Tukakwangua njia zote za udongo za mchwa tukaacha nafasi safi ya kuchungulia, kwa sababu wakirudi watajenga njia mpya na utaiona.

Mbao sita za juu zilikuwa zimeoza pale dirishani, hazifai. Mvule mpya ya ukubwa huo sikutaka, kwanza miti yenyewe imebaki michache, na mbao mbichi ingeleta shida zote upya. Baba mkwe akapiga simu zake, ikapatikana mvule ya zamani Kisumu, kuna nyumba ilibomolewa na mtu akahifadhi mbao kwa stoo. Zikaja Nakuru juu ya lori la mtu wa samaki. Ndio. Mathe aliambiwa ni harufu ya mbao.

Kitu cha kujua kuhusu mbao za Kisumu: pale ni karibu mita 1,130 juu ya bahari na ziwa liko mlangoni, hewa ni nzito, mbao imekunywa ya kutosha. Nakuru tuko juu ya mita 1,800 na huu msimu ni mkavu. Ukiipigilia siku inashuka kwa lori, itakauka ikiwa tayari imefungwa, na utabaki na nyufa za kuingiza shilingi. Tumezipanga sitingirumu na vijiti katikati ili hewa izunguke pande zote, zinapimwa kwa mizani hiyo hiyo hadi zisimame. Watoto wamezigeuza duka.

Fundi alipozipiga randa kidogo upande wa chini ziingiane na hizi zetu, kisu cha randa kilipiga kelele kikatoka na pengo. Nilidhani ni msumari. Kumbe ni jiwe. Mvule hujitengenezea jiwe ndani yake, chokaa inajikusanya kwa nyufa za mti, mistari myeupe myeupe, na hiyo ndo inaua visu na misumeno. Fundi ananoa kisu huku anaongea na mti.

Machi mwanzoni, nta na madoa

Uzito umesimama. Sakafu imelala, si asilimia mia lakini kingo sasa unazitafuta kwa kiganja, hazikutafuti tena. Ratiba ni kumaliza kabla mvua kubwa ya Aprili.

Kwanza tulitaka kujua juu kuna nini. Tone la maji: likikaa juu bila kuzama kuna kitu kinailinda, likizama na kuacha doa la giza basi mbao iko uchi. Kwetu lilikaa kwa pembe na kuzama katikati ambapo watu wanapita. Alafu kitambaa na waiti spiriti, unasugua kidogo, kikitoka na rangi ya kahawia na utelezi hiyo ni nta. Nta lazima itoke karibu yote kabla ya mashine, kwa sababu moto wa msasa unaiyeyusha, inaziba msasa, na nyingine inasukumwa ndani ya mbao, na vanishi haishiki juu ya nta kamwe. Madirisha wazi, meko ya gesi imefungwa kwa mtungi, watoto nje, tumesugua na matambara na kukwangua na kibati. Matambara hayakutupwa kwa pipa, yalianikwa moja moja kwa ua hadi yakakauka.

Madoa meusi ya dirishani ni hadithi nyingine. Pale palikuwa na sufuria kuukuu za chuma zenye maua, zikivuja. Chuma, maji na ile dawa ya asili ya mbao vikikutana vinatengeneza weusi unaoingia ndani, na hakuna jiki itakayoutoa, jiki inatoa rangi ya mbao na kuacha doa palepale. Kinachotoa ni asidi ya oksaliki, inauzwa kwa maduka ya kemikali ikiwa punje punje nyeupe. Tuliyeyusha kwa maji moto kwa ndoo ya plastiki, glavu na miwani, ukapaka kwa brashi doa zima, ukaacha, ukasuuza na kitambaa chenye maji kidogo zaidi ya mara moja, ukaacha ikauke vizuri kabisa. Ni sumu, isikae karibu na vyombo. Na usichanganye na jiki hata kwa bahati mbaya, asidi na jiki zinatoa gesi ya klorini. Madoa mawili yalipotea, moja limebaki kivuli cha hudhurungi na nimeamua likae, nyumba ina umri.

Machi, msasa

Mathe amepelekwa kwa dada yake Njoro. Hii haikuwa fadhila, vumbi la mvule ni baya, linawasha ngozi na kufunga kifua, na vumbi la mbao ngumu kwa jumla liko kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa watu wanaolivuta miaka mingi kazini. Fundi alikuwa anafunga leso puani kama kawaida yao. Nikamnunulia barakoa ya maana, ile ya N95, akasema inamnyima hewa, nikamwambia fundi, hewa yenyewe leo ni mbao.

Kabla ya mashine kila msumari ulizamishwa na panchi hadi milimita mbili tatu chini ya uso. Kichwa kimoja tu kikibaki juu kinachana msasa wa mashine kutoka mwanzo hadi mwisho, na misasa ya dramu, ile silinda ya mashine inayozungusha msasa, si bei ya chai.

Mashine ya dramu tumekodi kwa mtu mmoja mjini. Inakula stima nyingi, kwa hivyo imepewa soketi yake peke yake, na ekstensheni imekunjuliwa yote, ukiiacha imezungushwa kwa roli inapata moto hadi plastiki inayeyuka. Tulianza na msasa namba 40, tukaenda 60, 80, tukamaliza na 100. Huruki namba ukadhani umeokoa muda, kazi ya kila namba ni kufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia, na 100 haina nguvu ya kufuta ya 40. Unafuata urefu wa mbao. Na dramu haishushwi kabla hujaanza kutembea, haisimamishwi ikiwa chini, nukta moja ya kusimama imeshachimba beseni. Kingo za ukuta ni mashine ndogo, kona ni kwa mkono, chuma cha kukwangulia na uvumilivu.

Rangi iliyotoka sikuitarajia. Chini ya ule weusi wote mvule ilikuwa ya manjano, manjano kabisa, fundi akaogopa akadhani tumefika kwa mti mwingine. Ndo ilivyo, mvule ikikatwa upya ni ya njano na ikikaa kwa mwanga na hewa inarudi kuwa hudhurungi ya dhahabu. Mfuko wa vumbi tuliumwaga nje mbali na nyumba kila mara, usiku mashine haikulala nalo ndani, lile vumbi lenye nta na vanishi kuukuu linaweza kujipasha moto lenyewe likawaka.

Swali lililotuletea ubishi ni nyufa. Fundi alitaka kuziba zote kwa vumbi laini la namba 100 na gundi. Mimi nikasema matundu ya misumari na mipasuko ndani ya ubao sawa, ziba. Nyufa kati ya ubao na ubao, ziache. Huu ni msimu mkavu, ziko wazi kuliko zitakavyowahi kuwa, mvua ikija mbao zitanenepa na kama umejaza gundi pale zitasukumana au gundi itatoka vipande vipande. Akakubali nusu. Upande wa mlango aliziba mbili nikiwa nimeenda kununua maziwa, tutaona Julai nani alikuwa sahihi.

Machi, vanishi

Kuna watu watasema weka nta tu, au mafuta ya kitani, inakuwa ya asili. Ni nzuri na unaweza kurekebisha kipande bila kugusa kingine, lakini inataka kurudiwa rudiwa, na hii nyumba ina watoto, mbwa mmoja na wageni wa Jumapili. Tumechagua vanishi ya poliyurethani, ile ya mafuta. Ya maji inakauka haraka na hainuki sana ila kwa hadiwea za hapa sikuipata kwa ujazo ninaotaka. Hesabu: lita moja inafunika karibu skwea mita 10 hadi 12, chumba ni 15 na nusu, mikono mitatu (yaani kupaka mara tatu), kwa hivyo kopo la lita nne na la lita moja. Bei siandiki, kila hadiwea ina yake.

Mvule ina mafuta yake ambayo wakati mwingine yanazuia vanishi kukauka. Tulijaribu kwanza chini ya mahali kabati linakaa, nusu tukaifuta na thina, ikishapaa tukapaka vanishi, nusu tukapaka hivyo hivyo. Kesho yake nusu iliyofutwa ilikuwa ngumu, ile nyingine bado inashika kidole. Basi chumba kizima kikafutwa na thina, kipande kwa kipande, vanishi ikifuata.

Mkono wa kwanza uliongezewa waiti spiriti kidogo, karibu asilimia 10, uingie. Kungoja siku nzima kati ya mkono na mkono. Kupitisha msasa wa 220 kwa mkono, kufyonza vumbi, kufuta na kitambaa chenye waiti spiriti. Kupaka kutoka dirishani kurudi mlangoni, brashi pana, bila kurudi nyuma kuremba mahali pameanza kushika. Madirisha wazi kiasi, siyo yote, kwa sababu saa nane upepo wa Nakuru unaleta robo ya barabara ndani. Mikono yote tumepaka asubuhi mapema upepo ukiwa bado umelala.

Soksi baada ya siku moja, meza na viti baada ya siku nne, kapeti hapana kwanza. Ile vanishi inaonekana imekauka lakini inaendelea kukomaa karibu mwezi mzima, ukiifunika na kapeti mapema unafungia harufu na kuacha alama.

Aprili, vita ya deki

Mathe amerudi. Aliangalia sakafu kimya, akatoa viatu, akatembea hadi dirishani. "Kumbe ilikuwa hivi," akasema, alafu akaenda kuchukua ndoo.

Hapa ndo kazi yenyewe ilianza, mimi naona kila kitu cha nyuma kilikuwa matayarisho. Kwetu usafi ni maji. Sakafu ambayo haijamwagiwa maji, ikapigwa omo, ikafutwa na tambara, haijaoshwa, imepanguswa tu. Nimelelewa hivyo na mathe alilelewa hivyo na mtu asiniambie huo ni ujinga, kwa simiti na tailsi ni sawa kabisa. Kwa mbao ndo sumu. Si polishi chafu wala umri vilivyoharibu hii sakafu, ni beseni moja la maji kila asubuhi pamoja na matundu yaliyozibwa. Vanishi mpya inazuia maji juu lakini haizuii kwa nyufa.

Na adui wa pili ni vumbi lenyewe. Udongo wa Nakuru umetokana na volkano, majivu na vipande vya mawe mepesi yenye ncha, kila kiatu kinaingia nalo, na kila hatua linasaga vanishi. Kwa hivyo kufagia hapa kuna kazi kubwa kuliko kudeki. Utaratibu tuliofikia baada ya mazungumzo marefu ni huu: ufagio laini kila siku, na mopu kavu ya nyuzi ndogo kwa vumbi la chini. Kitambaa chenye maji mara moja moja, kimekamuliwa hadi ukikibana hakitoi tone, na sakafu iwe imekauka kabla hujafika upande wa pili. Maji yakimwagika yanafutwa hapo hapo, hayangojwi. Siki hapana, inafifisha vanishi polepole. Mashine za mvuke hapana kabisa.

Mathe aliuliza mafuta ya taa. Nilijua yanakuja. Wengi wetu tumekua tukiona mishumaa ikiyeyushwa na mafuta ya taa, inapakwa, inang'aa, nyumba inanukia Krismasi. Inawaka moto kirahisi hiyo kitu, halafu inaacha utando unaoshika vumbi, na siku utakapotaka kuongeza mkono wa vanishi hautashika popote. Nikamwambia mathe, ukitaka kung'arisha ng'arisha kolido na jikoni, huko ni kwako. Akasema, "Kwani hii nyumba ni ya nani?" Mama watoto akaokoa siku kwa kuleta chai.

Tumeweka mazulia mawili ya mlangoni, moja gumu nje la kukwangua na moja la kitambaa ndani, na viatu vinabaki kwa rafu. La ndani halina mpira chini, mpira unaacha doa la manjano kwa vanishi ambalo halitoki. Kwa hiyo pia miguu ya viti haikuwekwa vile vipande vya tyubu vinavyouzwa, tumekata blanketi kuukuu la sufi na kubandika, zikijaa mchanga tunabadilisha. Kochi linainuliwa, haliburutwi. Kapeti litasogezwa sogezwa kila baada ya muda, maana mvule bado inageuka rangi na ukiliacha mahali pamoja litaacha mraba wa njano.

Mvua imeanza. Nyufa zimeanza kufunga. Kwa matundu ya nje hewa inapita, nimeweka moshi wa ubani upande mmoja ukatokea upande wa pili.

Mei, kolido

Mathe mwenyewe ndo ameuliza kolido lini. Simjibu haraka.

Kolido si mbao ndefu, ni vipande vifupi vimepangwa mshazari juu ya simiti, vingine vinagonga ukikanyaga. Fundi alipokwangua kimoja kikatoa harufu tamu akasema hii ni muhuhu, ile wachongaji wanapenda, ngumu na nzito sana, na kweli ukiishika unashangaa uzito. Kwa muhuhu hatuna wasiwasi. Shida ni lami nyeusi iliyoshikilia. Lami za zamani za sakafu nyingine zilichanganywa na asbesto, nyuzi za mawe ambazo vumbi lake linadhuru mapafu, kwa hivyo hii haiguswi na mashine wala msasa mkavu, inaloweshwa kidogo na kukwanguliwa kwa mkono, asubuhi baridi ikiwa ngumu, kwa sababu mchana inalainika na kunatanata. Thina hapana, inaiyeyusha na kuisukuma ndani ya mbao. Gundi nyeupe ya mbao haishiki vizuri juu ya lami, itabidi iwe gundi inayoelewana na lami au tuondoe lami yote mahali vipande vimetoka, na fundi anataka ya kwanza, mimi bado nafikiria.

Vipande vinavyogonga vimeng'olewa na kuandikwa namba kwa chaki mgongoni vifuatane vilivyokuwa. Viko kwa sanduku chini ya kitanda, na kimoja kiko kwa mizani.